Thaddeus Stevens na kesi ya Charity Butler: alibadilika kweli, au alikuwa wakili tu?

Swali limetoka kwa kijana anayesoma sheria mwaka wa pili. Kaandika hivi: "Mwalimu shikamoo. Darasani tumefika kwenye Marekebisho ya 14 ya Katiba ya Marekani, yale ya uraia na ulinzi sawa wa sheria, nikakutana na jina la mbunge wa zamani Thaddeus Stevens, wanamsifia sana kwamba alipigania haki za watu weusi. Kutafuta zaidi nikakuta kwamba 1821 alimwakilisha mwenye watumwa mahakamani, akashinda, na mama mmoja na watoto wake wakarudishwa utumwani. Sasa huyu mtu tumuweke wapi? Alibadilika kweli au alikuwa wakili tu anayemfuata mwenye hela?"

Marahaba mdogo wangu. Nimefurahi umelikuta hilo mwenyewe, maana wengi wanaomsifia Stevens wanaliruka na wengi wanaomponda wanaanzia hapo na kuishia hapohapo. Nitakujibu kwa kirefu, vumilia.

Tuanze na kesi yenyewe, kwa sababu bila kuielewa hutaelewa yaliyofuata. Jimbo la Pennsylvania lilikuwa na sheria ya 1780 ya kufuta utumwa taratibu, na ilikuwa taratibu kweli kweli, mtoto aliyezaliwa na mama mtumwa baada ya sheria kupita alitakiwa kumtumikia bwana wa mama yake mpaka afikishe miaka 28 ndo awe huru. Ndani ya sheria hiyo kulikuwa na kipengele kinachosema mtu wa nje akiingia Pennsylvania na mtumwa wake na kumweka pale zaidi ya miezi 6, mtumwa huyo anakuwa huru. Basi. Haikusema kama hiyo miezi 6 ni ya mfululizo au unaweza kujumlisha vipindi vipindi.

Charity Butler alikuwa mtumwa wa bwana mmoja wa Maryland, jimbo jirani lililokuwa na utumwa. Alikuwa analetwa Pennsylvania, anarudishwa, analetwa tena, na ukizijumlisha zile siku zote zinavuka miezi 6. Kwa hiyo akadai uhuru wake na wa watoto wake. Stevens alikuwa wakili kijana pale Gettysburg, mji ulio karibu kabisa na mpaka wa Maryland, umri wake miaka 29, na akasimama upande wa mwenye watumwa. Hoja yake ilikuwa moja tu, kwamba miezi 6 lazima iwe mfululizo, mtu akivuka mpaka kurudi Maryland hesabu inaanza upya. Mahakama kuu ya jimbo ikamkubalia. Charity na wanae wakabaki watumwa.

Sasa kuna watu watakwambia kila mteja ana haki ya kuwa na wakili, na ni kweli, ila mimi naona hiyo haitoshi hapa. Aliyekuwa anapigania uhai wake pale ni Charity, sio mwenye watumwa. Yule bwana alikuwa anapigania mali, na hakuna aliyemlazimisha Stevens kuchukua ile kazi. Kuna na kisa kinasimuliwa sana kwamba siku moja njiani Maryland alitumia hela alizokuwa amedunduliza za kununua vitabu vya sheria akamkomboa mtumwa aliyekuwa anataka kuuzwa, na watu hukileta kisa hicho ili kumsafisha. Mimi sikiegemei. Hata kama ni kweli, kumkomboa mtu mmoja hakumrudishii Charity watoto wake. Kwa hiyo kwenye sehemu ya kwanza ya swali lako jibu langu ni ndiyo, alifanya, alijua anachofanya, na alifanya vizuri sana kikazi, na hilo ndo linalouma.

Ila usimwache hapo.

Ujue kwanza katokea wapi. Kazaliwa Danville, Vermont, tarehe 4 Aprili 1792, na mguu mmoja umepinda kuanzia kwenye kifundo, akachechemea maisha yake yote. Baba yake alikuwa fundi viatu, akaikimbia familia, akamwachia mama, Sarah, watoto wa kiume wanne. Mama huyu akaona mtoto huyu kwa mguu ule kazi za shamba hatazimudu, dawa yake ni shule, akahama na familia kwenda Peacham kwa ajili ya shule iliyokuwepo pale, akafanya kazi za kila aina mpaka mtoto akafika chuo cha Dartmouth na kumaliza 1814. Stevens hakuwahi kusahau hilo. Baadaye akaenda Pennsylvania, akafundisha shule mjini York huku anasoma sheria, akapata uwakili, na 1816 akafungua ofisi Gettysburg. Alikuwa mkali wa maneno, mcheza karata, nywele zilimnyonyoka zote akawa anavaa wigi, na hakuoa.

Aliingia bunge la jimbo 1833 kupitia chama kidogo kilichokuwa kinapinga Wamasoni, yaani ule umoja wa siri wa Freemason. Huko alipitiliza sana kwa ukali, sitakuchosha na hayo. Kitu cha kukikumbuka ni shule. 1834 jimbo lilipitisha sheria ya shule za bure kwa watoto wote zinazolipiwa kwa kodi, na watu wakachachamaa, wenye mashamba wakasema kwanini nilipie mtoto wa jirani, maombi ya kuifuta yakajaa bungeni, na Seneti ya jimbo ikapiga kura kuifuta. Hata kwenye eneo lake mwenyewe wengi walikuwa hawaitaki. Tarehe 11 Aprili 1835 Stevens akasimama akaongea. Sheria ya zamani ilikuwa inasema mtoto maskini atasomeshwa bure lakini kwanza mzazi aandikishwe kwenye listi ya maskini, na yeye akasema hiyo ni kumpiga mtoto muhuri wa ufukara mbele ya wenzake. Mtu aliyekuwa anasema maneno hayo alikuwa mtoto wa Sarah, alikuwa anajua anachoongea. Wabunge waliokuja na nia ya kufuta wakageuka siku ileile, sheria ikabaki. Mpaka uzeeni hiyo ndo kazi aliyojivunia kuliko zote.

Halafu 1837 hadi 1838 jimbo likaandika katiba mpya, na katiba ile ikaingiza neno "weupe" kwenye sifa za mpiga kura, yaani watu weusi huru waliokuwa wanaweza kupiga kura wakanyang'anywa. Stevens alikuwa mjumbe wa mkutano ule. Mwisho wajumbe wakaitwa kuweka saini na yeye akakataa. Angalia hapo, neno moja tu limeongezwa kwenye kifungu na maelfu ya watu wamepoteza kura, na huyu ni mtu aliyekuwa anajua vizuri kabisa neno moja linaweza kufanya nini, maana 1821 yeye mwenyewe alishinda kwa neno ambalo halikuwepo hata kwenye sheria, "mfululizo".

Hapo ndo napenda uangalie mdogo wangu. Watu wanauliza kama alibadilika moyo, na mimi naangalia zaidi mikono. Ujuzi wake haukubadilika. Alikuwa mtu wa vipengele, tarehe, taratibu, nani anasoma jina la nani na saa ngapi. Kilichobadilika ni nani anafaidika na ujuzi huo.

1842 akahamia Lancaster, madeni yamemzidi kwa sababu ya kiwanda chake cha kufua chuma kinachoitwa Caledonia, kilichokuwa kinamla hela kila mwaka. Lancaster akawa anatetea watu waliotoroka utumwani, na kwa kesi zilezile za mpakani, siku ngapi, hati iko wapi, shahidi ni nani. Nyumbani kwake alikuwepo Lydia Hamilton Smith, mjane mwenye asili ya Afrika na Ulaya aliyeendesha nyumba ile na mambo ya Stevens zaidi ya miaka 20, mwanamke mwenye akili ya biashara aliyenunua nyumba zake mwenyewe. Watu walisema mengi kuhusu hao wawili, na Stevens akawaacha waseme. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wataalamu wa mambo ya kale walichimba nyuma ya nyumba yake wakakuta tangi la kuhifadhi maji chini ya ardhi lililotobolewa upande mmoja, na wanaamini lilitumika kuficha watu waliokuwa wanakimbilia kaskazini.

Septemba 1851 pale Christiana, huko huko wilaya ya Lancaster, mwenye watumwa wa Maryland anaitwa Edward Gorsuch alikuja na maaskari kuchukua watu wake waliotoroka. Watu weusi wa eneo lile wakiongozwa na William Parker wakakataa, risasi zikarushwa, Gorsuch akafa. Serikali ikawafungulia zaidi ya watu 30 mashtaka ya uhaini, na wa kwanza kupelekwa mbele ya hakimu Philadelphia alikuwa mzungu, Castner Hanway, msaga nafaka, ambaye kosa lake kubwa ni kwamba alifika na farasi wake akaambiwa asaidie kukamata watu akakataa. Stevens alikuwa mmoja wa mawakili wa utetezi. Hoja tena ikawa ya maneno ya sheria, Katiba inasema uhaini ni kuinua vita dhidi ya Marekani, je mtu kukataa kusaidia kukamata watoro ni kuinua vita? Wale wananchi 12 wa kuamua kesi wakatoka, dakika kama 15 wakarudi, hana hatia. Kesi za wengine zikafa hapohapo.

Kuhusu miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Kaskazini dhidi ya Kusini iliyotaka kubaki na utumwa, nitapita haraka. Aliingia Kongresi, yaani bunge la Marekani nzima, 1849, akatoka 1853, akarudi 1859 kupitia chama cha Republican akabaki mpaka kifo. Wakati wa vita alikuwa mwenyekiti wa kamati ya fedha ya Baraza la Wawakilishi, yaani hela zote za kumsaidia Rais Lincoln kupigana zilipita mikononi mwake, kodi ya mapato, mikopo, na ile sheria ya Februari 1862 ya kuchapa noti za karatasi za dola milioni 150. Juni 1863, siku chache kabla ya vita vya Gettysburg, jenerali wa Kusini Jubal Early akafika Caledonia akakichoma kile kiwanda makusudi kwa sababu ni cha Stevens. Kilichomsumbua Stevens zaidi ni wafanyakazi waliobaki bila kipato, na familia zao akazisaidia.

Sasa tufike tarehe 4 Desemba 1865, maana siku hii ukiielewa umemuelewa Stevens. Vita imeisha, Lincoln ameshauawa, rais ni Andrew Johnson wa Tennessee, na Johnson amewarudisha wakubwa wa Kusini haraka haraka kwa misamaha. Majimbo ya Kusini yamechagua wabunge, wengine walikuwa majenerali na viongozi wa waasi juzi tu, na huko nyumbani wanatunga sheria za kumbana mtu mweusi asihame, asiache kazi, akikutwa hana mwajiri akamatwe. Na kuna hesabu mbaya zaidi. Katiba ya zamani ilimhesabu mtumwa kama tatu ya tano ya mtu katika kugawa viti vya bunge. Utumwa ukifutwa, mtu mweusi anahesabiwa mzima, lakini hana kura, kwa hiyo walioshindwa vita wanarudi bungeni na viti vingi kuliko walivyoondoka navyo. Fikiria hiyo.

Stevens akafanya nini? Hakuanza na hotuba. Aliangalia utaratibu. Bunge jipya likikutana bado halina Spika, anayeongoza ni Katibu wa Bunge, kazi yake ni kusoma majina, na asiyesomwa jina hayumo. Katibu alikuwa Edward McPherson, mtoto wa Gettysburg, mtu ambaye Stevens alimlea kisiasa. McPherson akaanza kusoma majimbo, akafika Tennessee, akaruka. Horace Maynard, mbunge wa Tennessee ambaye hata hakuwa muasi, aliisapoti serikali wakati wote wa vita, akasimama na hati yake mkononi ameipeperusha juu anataka kuongea. Katibu akasema siwezi kukatizwa nikiwa nasoma majina, akaendelea. Orodha ilipoisha Maynard akajaribu tena, Stevens akasema hakuna hoja inayoweza kusikilizwa kabla ya kumchagua Spika. Ikawa imeisha hivo. Kusini nzima imebaki nje ya mlango kwa sababu mtu mmoja hakusoma majina. Siku hiyohiyo wakapitisha wazo la Stevens la kuunda kamati ya wajumbe 15 kutoka mabaraza yote mawili, iamue majimbo yale yarudi kwa masharti gani.

Kutoka kwenye kamati hiyo ndo yalitoka Marekebisho ya 14 unayoyasoma darasani. Usije ukaandika kwenye mtihani kwamba Stevens ndiye aliyaandika yote, utakosa maksi. Maneno ya ulinzi sawa wa sheria ni ya John Bingham wa Ohio, na ile sentensi ya kwanza kwamba anayezaliwa Marekani ni raia iliongezwa kwenye Seneti na Jacob Howard wa Michigan, ndo sentensi ambayo watoto wengi wa kwetu waliozaliwa Minnesota au Texas wamepatia uraia. Stevens ndiye aliyeyaleta mbele ya Baraza Mei 1866 na kuyabeba mpaka mwisho. Na hakuyapenda yalivyotoka. Yeye alitaka zaidi, yalikuwa hayampi mtu mweusi kura moja kwa moja. Tarehe 13 Juni 1866 kabla ya kura ya mwisho, iliyopita kwa 120 dhidi ya 32, alisema tangu ujana wake aliota siku ambayo katiba ingesafishwa ubaguzi wote, na ndoto hiyo imeyeyuka, halafu akajiuliza mbele yao kwanini basi anakubali kitu pungufu namna hii, akajibu: kwa sababu naishi kati ya binadamu, siishi kati ya malaika.

Pale aliposhindwa kabisa ni ardhi, na kwangu mimi hili ndo lilikuwa wazo lake kubwa kuliko yote. Septemba 1865 akihutubia Lancaster alipiga hesabu waziwazi. Wamiliki wakubwa wa Kusini kama 70,000 wanashika karibu ekari milioni 394. Zichukuliwe. Kila mwanaume mzima aliyetoka utumwani apewe ekari 40, tuseme wako milioni moja, hizo ni ekari milioni 40, zinabaki milioni 354 za kuuza kulipa deni la vita na pensheni za askari. Alikuwa anaona mtu akipewa kura bila shamba atarudi kwa yuleyule bwana kuomba kazi, na bwana atamwambia ampigie nani. Akauleta tena kama muswada Machi 1867. Hata wenzake wa chama walimkimbia, wakasema hiyo ni mali ya watu. Na yakatokea alivyosema, familia zikalima mashamba ya waliokuwa mabwana zao kwa kugawana mavuno na madeni yasiyoisha, kizazi baada ya kizazi. Kwetu sisi tunaojua migogoro ya ardhi, shamba la nani, hati iko wapi, hesabu zile ukizisoma unazielewa mara moja.

Mwaka wa mwisho alikuwa mgonjwa kiasi cha kubebwa kwenye kiti kuingizwa bungeni. Inasemekana aliwauliza vijana waliokuwa wanambeba, nyie mkifa atanibeba nani. Akiwa katika hali hiyo akasukuma mashtaka ya kumuondoa Johnson madarakani, Baraza likapiga 126 kwa 47 tarehe 24 Februari 1868, na Mei Seneti ikashindwa kumtia hatiani kwa kura moja, 35 kwa 19, maana ilitakiwa theluthi mbili. Akafa usiku wa tarehe 11 Agosti 1868 Washington, Lydia Smith yuko kando ya kitanda, wachungaji wawili weusi wamekuja kumuombea. Chama chake Lancaster kikamteua kugombea ubunge hivyohivyo, marehemu, kwa heshima.

Makaburi makubwa ya Lancaster yalikuwa na masharti ya rangi. Akachagua kakaburi kadogo kasikobagua, na jiwe lake linasema amelala pale sio kwa kupenda upweke, bali kwa kuwa makaburi mengine yamewekewa mipaka ya rangi kwenye kanuni zao, na ametaka hata kifo chake kionyeshe alichokitetea maishani, usawa wa binadamu mbele ya Muumba wake.

Ila mimi ukiniuliza jibu la swali lako liko wapi, sitakupeleka kaburini, nitakupeleka kwenye wosia. Kwenye wosia kaacha hela kaburi la mama yake litunzwe na kila masika yapandwe mawaridi au maua mengine ya kuchangamsha kwenye pembe zake nne. Kaacha na fungu la kituo cha yatima, ambacho leo ni chuo cha ufundi chenye jina lake pale Lancaster. Sasa soma alivyokiandika hicho kifungu cha yatima, soma kama mwanasheria. Hakuandika "watoto wote wapokelewe" akaishia hapo. Kaandika hakuna upendeleo wa rangi katika kupokelewa wala katika kutunzwa, kataja Wajerumani maskini, kataja Waairishi, kataja Waislamu, kwamba asifukuzwe mtu kwa asili au dini ya wazazi wake. Kaandika wasome madarasa yaleyale kwa namna ileile. Na alipoona bado kuna mwanya ambao wakili mwenye akili anaweza kupita, akaongeza na hilo: watalishwa kwenye meza moja.